Kikohozi cha Baba Mkwe

Kikundi chetu cha akina mama hapa Mafinga kina kazi moja ambayo hatuitangazi. Kila mwaka tunawalipia bima ya afya wenzetu wachache wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wale ambao mavuno au biashara haikuwatosha kujilipia. Mwenye hela analeta hela, mwenye maharage analeta maharage, na mimi kwa umri wangu huu nimepewa kazi ya kupeleka kadi majumbani. Mwaka jana mama mmoja kijana aliipokea kadi yake, akaifunga kwenye pindo la kanga, kisha akaniuliza kwa nini kila nikifika kwake nakohoa mara mbili kabla ya kupiga hodi. Alidhani na mimi naumwa. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi yake. Nikamwambia kikohozi hiki si changu, nimekirithi kwa baba mkwe.

Mimi ni Mnyakyusa, nimelelewa Uyole, Mbeya, na bibi mzaa mama. Bibi alikuwa mtu wa kanisa, Jumapili hakosi, lakini kulikuwa na mambo ambayo hata mchungaji hakuthubutu kumgusia. Moja lilikuwa hili la mkwe. Kwa mafundisho yake, mwanamke akiolewa hamtazami baba wa mumewe. Hakai naye chumba kimoja, hapishani naye njiani, hamsemeshi, na jina lake halitaji. Akimwona anakuja, anajificha, hata kama penye kujificha ni kichaka cha upupu. Bibi alinifundisha hivyo tangu sijajua kufunga kanga vizuri, na hakuwa mtu wa kufundisha jambo mara mbili.

Halafu nikaolewa na Mhehe. Tulikutana Mbeya miaka ile ya sabini, yeye kibarua kwenye ujenzi wa reli, mimi nikichoma ndizi karibu na kambi yao. Kazi ya reli ilipokwisha upande wetu, alirudi kwao karibu na Mafinga, akapata kazi kwenye kiwanda cha mbao, nami nikamfuata. Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Nilimkuta baba mkwe, fundi seremala, karakana yake ikiwa nyuma ya nyumba yetu. Na wifi yangu mmoja, mkali kama pilipili kichaa, alikuwa ameolewa Ipogolo, kule chini Iringa.

Siku ya kwanza mume wangu alimweleza baba yake kwamba kwetu mke hamtazami mkwe. Nilikuwa jikoni nasikiliza kupitia ukuta. Mzee alicheka, akacheka tena, kisha akauliza, "Sasa nikitaka kuingia kwenye uwanja wangu mwenyewe, nifanyeje? Nipige ngoma?" Akafikiri kidogo. "Basi nitakuwa nakohoa. Akisikia nakohoa, ajue mimi nakuja."

Wahehe nao wana heshima zao, lakini hii ya kwetu hawakuwa nayo, na hakuna aliyemlazimisha. Hata hivyo, kuanzia siku ile, kila alipotoka karakana kuja nyumbani alisimama penye kona na kukohoa mara mbili, kikohozi kidogo kikavu, cha mtu asiyeumwa chochote. Mimi natupa mwiko, huyo jikoni. Naye anapita taratibu, akinipa muda. Mara nyingine alikohoa wala haji popote, ili tu asikie sufuria zikianguka. Nilijua anacheka kule kwenye maranda yake. Nilimpenda mzee yule kabla sijaijua sura yake, na sioni haya kusema hivyo.

Tatizo lilikuwa maneno. Mtu hamsemeshi mkwe, lakini chumvi ikiisha je? Palikuwa na mbuzi amefungwa kati ya jikoni na karakana, basi tukamfanya mjumbe. Nilisema kwa sauti, "Wewe mbuzi, mwambie baba uji uko tayari." Na kule nyuma ya ukuta sauti inajibu, "Mbuzi, mwambie nashukuru, lakini jana ulikuwa na madonge." Mume wangu akirudi Jumamosi kutoka kambi ya kiwanda, alitukuta tunagombana kupitia kwa mbuzi, anatikisa kichwa.

Mwaka wa pili kikohozi kikazidi. Alikohoa asubuhi, alikohoa mchana, nami kila mara natupa nilichoshika nakimbia. Mpaka nikachoka. Nilimwambia mume wangu, "Baba yako sasa ananichezea. Leo amenikimbiza mpaka ugali umeungua." Mume wangu akasema mzee amezidisha utani, atamwambia. Hakumwambia. Nani angejua? Watu wote wa nyumba ile walikuwa wamezoea kusikia kikohozi na kudhani ni adabu.

Siku moja kikohozi kilianza karakana na hakikukoma. Nilisubiri jikoni apite, hakupita. Nikamwambia mbuzi, "Mwambie baba apite basi, nimeshaingia." Jibu likawa kukohoa tena, kikohozi kizito cha kutoka chini kabisa. Nilimwita jirani akaingia. Alimkuta mzee ameinama juu ya meza ya kazi, na chini, mahali alipokuwa ametupia maranda haraka haraka, maranda yalikuwa yamelowa damu.

Ilikuwa kifua kikuu. Wakati ule neno hilo lilisemwa kwa sauti ya chini, kama lilivyokuja kusemwa lile jingine miaka ya baadaye. Mzee alikuwa na wenzake wa kunywa ulanzi, ile pombe ya mianzi, wanaume waliokaa naye kila jioni ya masika na kuzungusha kopo moja tangu ujana wao. Jioni habari ilipofika kilabuni, kopo lilimruka. Lilitoka mkono wa kushoto kwake likaenda wa kulia, naye akaaga, akarudi nyumbani kabla ya giza. Penye kona alisimama, akataka kukohoa kile kidogo chetu, kikatoka kile kikubwa. Niliingia jikoni nikalia.

Hospitali ya misheni ilikuwa nje ya barabara kuu, upande wa kwenda Iringa. Sindano za kifua zilikuwa za serikali, hazikuuzwa. Lakini wakati ule mgonjwa alichomwa kila siku, mwezi baada ya mwezi, na aliyetoka mbali ilibidi alale pale pale, na kitanda na chakula vilikuwa juu ya misheni. Kwa hiyo vijiji vya jirani vilikuwa na kitu kinaitwa fungu la wadi. Kila mwezi nyumba ilipeleka debe la mahindi na mzigo wa kuni kwa jiko la hospitali, kuna mgonjwa au hakuna, na siku mtu wa nyumba hiyo akiugua, alilazwa na kulishwa bila kudaiwa. Ndiyo ilikuwa bima yetu, ingawa neno bima tulilisikia kwa magari tu. Baba mkwe fungu lake alilitoa kwa mikono. Kitanda cha wadi kikilegea, mlango ukikwama, yeye ndiye aliyeitwa. Sasa alilala juu ya kitanda alichokitengeneza mwenyewe, na mkono hauwezi kushika randa.

Tukaanza kupeleka mahindi kama wengine. Ila mwaka ule mashamba yalikuwa yamegawiwa upya, letu likaangukia penye visiki, na mvua nayo ikatunyima. Ghala likaisha mapema. Dukani sembe ilikuja kwa foleni na kuisha kabla foleni haijaisha. Bwana stoo wa hospitali alimwita mume wangu pembeni, kwa upole kabisa, akamwambia kwamba nyumba isiyoleta fungu kitanda chake hupewa mwingine, ndivyo vijiji vilivyokubaliana, na tayari wapo wanaonung'unika kwamba mgonjwa wa kifua anakula miezi mingi kuliko mgonjwa yeyote. Na mganga wa hospitali alikuwa ameshatuonya: akiacha sindano katikati, ugonjwa utarudi na nguvu zote, na safari hiyo hakuna dawa itakayomrudisha. Mume wangu alinisimulia akiwa ameshika kofia mkononi. Sijawahi kumwona amekaa kinyonge vile.

Nikapanda basi nikaenda Uyole.

Bibi alinipokea na maswali yake. "Ndaga, mwanangu. Umemwona mkwe?"

"Sijamwona, bibi. Na sasa anakufa."

Nilimweleza yote, la kikohozi, la kopo, la kitanda. Nilimwambia pia nimekuja kuuliza kama naweza kuiacha desturi, niende nimuuguze. Bibi alipanda kwenye dari juu ya meko, mwanamke wa umri ule, nikasikia anaburuta vitu, kisha akaanza kuniteremshia mahindi yaliyokauka kwa moshi. Yalipotimia debe akateremka, masizi usoni.

"Nilikwambia usimtazame," akasema. "Nilikwambia umwache afe?"

Jioni alipita kwa wenzake wa kanisani na beseni. Kila nyumba ilitia bakuli, hii mahindi, hii maharage, na sikusikia hata mmoja akiuliza mgonjwa ni nani au anaumwa nini. Bibi alisema tu ni chakula cha mkwe wa mjukuu wake, na kwao hilo lilitosha. Nikaondoka na gunia. Tangu hapo, kila mwezi nilikwenda Uyole, nikarudi na gunia juu ya basi, nikabadili Mafinga kwa lori la mbao ambalo mume wangu aliniombea, likanishusha njia panda ya hospitali. Kuni nilipata maslebu ya kiwandani, yale maganda ya magogo yanayobaki mbao zikipasuliwa. Kitanda hakikupewa mtu.

Lakini bado sikuthubutu kumwona. Wadi ya kifua ilikuwa na baraza wazi upande wa mbele, wagonjwa wanakaa pale kuota jua, na njia ya stoo ilipita hapo hapo. Mimi nilizunguka nyuma, kwenye migomba ya jikoni, gunia kichwani, nimejitanda kanga mpaka puani. Nilimwomba bwana stoo aandike fungu limetoka nyumba ya mzee, basi. Sikutaka mzee ajue kwamba mkwe wake anaombaomba mabakuli Mbeya. Angeona aibu, na mimi ningeona aibu kwa aibu yake.

Wifi yangu ndiye aliyeniona. Alitoka Ipogolo kila Jumapili kumletea baba yake uji wa ulezi, mwanamke mwenye huruma nyingi na mdomo mrefu kuliko huruma. Aliniona nakatiza migombani nimefunika pua, akamaliza hesabu zake hapo hapo. Mwezi uliofuata nilipofika nyuma ya jiko nilimkuta amesimama, mikono kiunoni.

"Kamwene, wifi," nikasema.

"Kamwene yako kaa nayo. Tangu baba ameanza kuumwa hujakanyaga ile wadi. Hata mara moja! Unapita huku nyuma kama mwizi, umeziba pua, kama baba yetu ni uchafu. Hiyo ndo mila yenu? Ile ya kukimbia kimbia ulikuwa unatudanganya, sasa tumejua. Unaogopa ugonjwa!"

Damu ilinipanda. Nilimwambia mambo ambayo siyaandiki hapa. Nilimwambia kwamba kama mila ingekuwa kufunga mdomo, yeye angekuwa mgeni katika kabila lake. Angenirukia kama muuguzi hangetokea. Muuguzi, mama mmoja mnene aliyekuwa na sauti ya kutuliza ng'ombe, alitutenganisha kwa mikono miwili.

"Nyinyi gombaneni," akasema, "lakini mjue mzee wenu hii ni siku ya tatu amekataa sindano. Vitu vyake amefunga. Anasema kesho anapanda lori anaenda kufia kwake. Anasema hata mkwe wake anamkimbia sasa, basi yeye amebaki wa nini."

Wifi akashusha mikono kutoka kiunoni. Alikuwa yeye aliyempelekea habari hiyo, ilionekana usoni. Mahindi yote yale, dari ya bibi, mabakuli ya Uyole, mgongo wangu, na mzee anaondoka kwa sababu ya kanga niliyojitanda kumheshimu.

"Ingia umwambie," muuguzi akaniambia. "Dakika moja tu."

Sikuweza. Msinicheke. Nilifika mlangoni mwa wadi, nikashika fremu, na miguu ikagoma kama punda. Nikiwa nimesimama pale nikamkumbuka bibi na masizi yake usoni. Nikageuka, nikazunguka nyumba mpaka nyuma, chini ya dirisha ambalo muuguzi alinionyesha kuwa ni la kitanda chake. Nikachuchumaa, mgongo ukutani. Nikakohoa mara mbili, kikohozi kidogo kikavu, cha mtu asiyeumwa chochote.

Ndani mtu mmoja aliuliza kitu, akanyamazishwa. Nikakohoa tena.

Halafu nikaisikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia miezi mingi, imekuwa nyembamba lakini ni ile ile.

"Huyu mbuzi wa nani, anakuja kukohoa dirishani kwa watu?"

Machozi yakanitoka, na kicheko nacho kikanitoka, sijui kipi kilitangulia. "Wewe mbuzi," nikasema kwa sauti, "mwambie baba mahindi anayokula humo ni ya Uyole. Bibi yangu kayashusha kwenye dari. Na aliyeyabeba ni mimi, kila mwezi, napita nyuma kwa sababu yeye anakaa mbele."

Nikasikia kitanda kikilia. "Mbuzi," akasema, "mwambie niliambiwa ananikimbia."

"Mwambie ni kweli namkimbia! Namkimbia tangu siku ya kwanza, yeye mwenyewe ndiye alinifundisha kwa kukohoa kwake. Nani kamwambia sasa nimeacha? Na mwambie akikataa sindano nitaingia humo, nitamtazama usoni mchana kweupe mbele ya wagonjwa wote, tuone nani atakimbia."

Nikasikia anacheka. Kicheko kikamletea kukohoa, na kukohoa kukamletea kicheko, na watu wa vitanda vingine nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Alipopata pumzi aliniambia, au alimwambia mbuzi, "Asiingie. Mwambie asiingie, desturi ya watu isiharibike kwa ajili yangu. Mwite yule mama na sindano yake."

Niliporudi nyuma ya jiko nilimkuta wifi amekaa juu ya gunia langu. Alikuwa amesikia yote. Hakuniomba radhi, na mpaka leo hajaniomba, ingawa sisi wote sasa ni vikongwe na tunaazimana chumvi. Alisimama, akashika ncha moja ya gunia, akaniambia, "Shika huko, zito hili." Tukalipeleka stoo kwa njia ya mbele, yeye akitembea upande wa baraza ili anikinge. Miezi iliyofuata fungu moja lilitoka Uyole na lililofuata lilitoka Ipogolo, kwa zamu.

Alibaki mpaka mganga aliporidhika. Nilizoea kupita chini ya dirisha kila safari, nikakohoa, tukapeana habari. Alinituma nimwambie mume wangu asiuze mbao za mninga. Alinieleza jinsi kitanda chake kinavyolia upande wa kulia na kwamba aibu hiyo ataikarabati akipata nguvu. Akaikarabati kweli, akiwa bado mgonjwa, kwa nyundo ya kuazima.

Siku aliyoruhusiwa hakuna aliyenipa habari. Nilikuwa uwanjani napepeta maharage, mbuzi amelala, mume wangu kazini. Nilisikia lori la mbao likisimama barabarani, sikulijali, malori yalikuwa mengi. Kisha nikasikia hatua, na sauti ya wifi yangu ikimwambia mtu atembee polepole. Hatua zikafika penye kona ya karakana, zikasimama.

Akakohoa mara mbili.

Nilisikiliza kwa mwili mzima. Hakikuwa kile kikubwa. Kilikuwa kidogo, kikavu, cha uongo mtupu, kikohozi cha mtu asiyeumwa chochote. Nikatupa ungo, maharage yakamwagika uwanja mzima, nikakimbilia jikoni nikilia na kucheka, na nyuma yangu wifi anapiga kelele, "Anakimbia! Baba, ona, anakukimbia!"

"Mwache akimbie," nikamsikia mzee akisema. "Hiyo ndiyo nimekuja kuisikia."